Karatasi Chini ya Mabango

Mwanangu Stela,

Begi lako umelifunga mwenyewe tangu mchana, na umelifunga vizuri kuliko ambavyo ningelifunga mimi, kwa hiyo habari za nguo, dawa na mahali pa kukaa kwenye basi sitaziandika. Hayo umeshanizidi. Leo nimefunga baa mapema. Nimewaambia wateja nina mgeni, wakanicheka: "Mama Stela, mgeni gani huyo wa kuondoka?" Sasa nimekaa nyuma ya kaunta, kwa sababu hapa ndipo ninapojua kukaa. Friji inanguruma mgongoni kwangu. Wewe uko chumba cha uani, nasikia kitanda kikilia kila unapojigeuza.

Nina jambo moja la kukuambia na nimelibeba miaka kumi. Wiki hii nimefungua mdomo mara tatu nikuambie, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza kama umekula. Kwa hiyo naandika. Mwandiko wangu unaujua, ni wa darasa la saba, uuvumilie.

Ni habari za baba yako, na za ile simu uliyompigia.

Nianze na wiki iliyopita, uliporudi na mkataba wako wa kazi. Ulikaa kwenye ile stuli ya pembeni ambayo baba yako aliifupisha mguu mmoja kwa bahati mbaya, haijatulia mpaka leo. Ulikuwa na kile kitabu chembamba walichokupa kwenye mafunzo ya wasimamizi wa promosheni. Ukatusomea, mimi na Zuhura aliyekuwa akihudumia meza, kwa sauti ile unayosomea masomo kanisani. Zawadi isitolewe kwa wingi wa vinywaji. Wateja wasishindanishwe kunywa. Maji ya kunywa yawepo bure. Aliyelewa asiuziwe tena, wala asiachwe aendeshe chombo. Aliye chini ya miaka kumi na minane asihudumiwe. Hapo ukacheka.

"Zuhura, hii ya mwisho mnaijua nyie? Mie si nimekulia humu humu?"

"Wewe ulikuwa mkaguzi," Zuhura akakujibu. "Mkaguzi hana umri."

Ndipo ukanigeukia ukaniuliza, "Mama, haya masharti yalikuwepo zamani, enzi za baba?"

Nikasema, "Sijui, mwanangu. Hayo mambo ya wakubwa."

Zuhura alichukua kitambaa akaanza kufuta meza ambayo ilikuwa safi.

Yalikuwepo, Stela. Yalikuwepo hapa ukutani, karibu na leseni, na mimi mwenyewe niliyatia saini.

Unakumbuka baba yako alivyokuwa anakuita Bibi Afya? Ulikuwa na miaka sita au saba. Ukitoka shule unapita hapa kabla wateja hawajajaa, unanyanyua glasi moja moja unaielekeza kwenye mwanga wa dirisha, ukiona alama ya kidole unaitenga. Siku moja ulitenga glasi zote. Zuhura akakasirika, akasema huyu mtoto atatufungia biashara. Baba yako akaacha randa yake uani, akaja, akasimama mbele yako kama mshtakiwa, mikono nyuma. "Bibi Afya, tusamehe, tutaziosha upya." Akaziosha kweli, zote, yeye mwenyewe, na vumbi la mbao likiwa bado kwenye nyusi zake.

Hii kaunta ninayoandikia ni kazi yake, unajua. Mninga aliupata kwa mtu aliyevunja nyumba huko Mbweni. Alipoimaliza alinisimamisha nyuma yake, akapima kwa kiganja kutoka kiwiko changu, akasema ameitengeneza kwa kimo changu ili mgongo usiniume. Na kweli haujawahi kuniuma. Watu wengine wote wakisimama hapa wanasema iko chini mno. Wakati mwingine nafikiri ndiyo sababu sijawahi kuondoka. Imekatwa kwa kipimo changu.

Yeye hakuwa mnywaji. Mwenye baa ni mimi, leseni ni ya jina langu, yeye alikuwa fundi seremala wa uani aliyekuwa akiingia saa za jioni kunywa soda yake ya tangawizi ya baridi na kuniangalia nikifanya kazi. Wateja walimwita Fundi Soda. "Fundi Soda, leo umezidisha, hiyo ni ya pili!" Anacheka nao. Alikuwa na utani wake kwamba yeye na mimi tumegawana dhambi, mimi ninauza na yeye hanunui.

Sasa ile promosheni.

Wakati ule baa yetu haikuwa na friji ya maana. Tulikuwa na lile boksi la barafu, na friji ndogo ya nyumbani iliyokuwa ikizima kila umeme ukitetereka. Wateja wa huku kwetu Wazo wana kiu ya vumbi, wanataka cha baridi, na waliokosa cha baridi kwetu walikuwa wanateremka Tegeta. Nilikuwa nawaona wakipita. Niliumwa na friji, Stela. Sina neno jingine. Nilikuwa naiota.

Akaja msimamizi wa promosheni wa kampuni hii hii iliyokuajiri, kijana wa watu mwenye heshima, tumwite Erasto. Alinipa shikamoo kila alipoingia. Akanieleza: Jumamosi, kuanzia saa tisa mchana mpaka saa kumi na moja jioni, baa tatu zitashindana, sisi, moja ya Tegeta na moja ya Mbweni. Baa itakayofungua chupa nyingi za kinywaji chao inapewa friji kubwa ya mlango wa kioo. Akanipa na karatasi ya masharti, nisome, nitie saini, niibandike mahali pa kuonekana. Nikaisoma neno kwa neno, kwa sababu mimi kitu cha kutia saini huwa nakisoma. Nikamwuliza, "Kaka, humu wanasema zawadi isitolewe kwa wingi wa vinywaji. Na hii friji je?"

Erasto akacheka, si kwa dharau. Akasema, "Mama, zawadi si ya mteja, ni ya baa. Mteja yeye anajinywea tu. Hiyo karatasi ni ya mkaguzi." Kisha akakunjua bango lao, kubwa, lina picha ya friji na jua linachomoza nyuma yake. "Hili ndilo la wateja."

Ukuta wa karibu na leseni ni mmoja. Karatasi nilikuwa nimeshaibandika pale. Erasto akaniuliza bango alibandike wapi. Nikamwambia, "Hapo hapo, juu yake."

Nilisema mimi. Yeye aliuliza tu.

Siku ile unaikumbuka kwa upande wako. Ulikuwa na miaka kumi na miwili, ulikuwa kwa shangazi yako Madale tangu asubuhi. Huku kwetu saa tisa ilipofika spika zilishaanza. Mshereheshaji wao alikuwa na sauti ya kukwaruza, anapokea simu kutoka baa nyingine na kututangazia. "Wazo mpo? Mbona Tegeta wanasikika mpaka huku? Mbweni wanakunywa kama samaki waliovuliwa leo asubuhi! Wazo mnanyonyesha chupa?"

Watu wakapandwa na mori. Unajua desturi yetu ya hapa, chupa tupu haziondolewi mezani. Mteja anataka azione, amwonyeshe na wa meza ya pili. Desturi ile mashindano yaliikuta tayari, haikuhitaji kufundishwa. Meza zikajaa chupa kama msitu. Kila dakika mtu ananyoosha kidole anazungusha hewani, "Mama Stela, ongeza kama ilivyo!" Maana yake kila aliyekaa pale aongezewe anachokunywa, awe anataka au hataki. Akikataa anaambiwa amemdharau aliyenunua. Niliona wawili watatu wakimwaga chini ya meza taratibu kwa aibu. Nikageuza uso. Chupa ilikuwa imefunguliwa, ilihesabika.

Ilipokaribia saa kumi na nusu watu wakapoa. Wengine walikuwa wamelala mezani, wengine wamekwenda zao. Mshereheshaji akasema Tegeta wanatuongoza kwa chupa kumi na mbili na wao pia wamechoka. Kumi na mbili tu. Na sheria ya Erasto ilikuwa kwamba chupa lazima inywewe na mtu aliyekaa, si kufunguliwa na kumwagwa, alikuwa anazunguka kuangalia.

Baba yako alikuwa amesimama mlangoni na tangawizi yake. Nilimtazama. Stela, nilimtazama tu, sikumwambia neno. Lakini mume na mke mnajua macho ya mwenzako. Aliweka tangawizi chini, akavuta ile stuli yenye mguu mfupi, akakaa hapa mbele yangu. Baa nzima ikalipuka.

"Fundi Soda! Fundi Soda ameasi!"

"Mpeni na mrija!"

Akanyanyua mkono kama mtu anayeapishwa. "Jamani, mie nainywa kama dawa ya minyoo. Nafumba macho, namshukuru Mungu."

Wateja wawili waliokuwa bado na nguvu wakajitolea kumsaidia, tukawa na watu watatu. Opena ilikuwa imefungwa kwa kamba kwenye msumari wa kaunta. Nilikuwa nafungua mimi. Ya kwanza alitengeneza uso wa kuchekesha. Ya pili akasema si mbaya. Ya tatu alifumba macho kweli. Kwenye ya nne Zuhura alikuja akasimama karibu nami, akaniambia chini chini, "Mama Stela, shemeji ametosha. Yule hajazoea."

Nikamwambia, "Zuhura, lete chupa."

Ndipo simu yake ikaita. Ilikuwa wewe, kwa simu ya shangazi yako. Aliweka sauti nje ili na mimi nisikie, nilikusikia kwa masikio yangu. "Baba, njoo unichukue. Shangazi anataka kunifumua anisuke tena, kichwa kinaniuma." Akacheka sana. Akasema, "Bibi Afya anaita. Nakuja sasa hivi, mama." Akakata, akaniangalia. Alikuwa anauliza.

Zilikuwa zimebaki tatu.

Nilimwambia, "Malizia hizi tatu halafu nenda. Mtoto anasubiri."

Nimeandika sentensi hiyo, nikainuka nikaifuta kaunta ambayo ilikuwa safi, nikarudi.

Alizimaliza haraka kwa sababu wewe ulikuwa unasubiri. Chupa ya mwisho aliigonga kwenye kaunta, watu wakapiga kelele, mshereheshaji akatangaza Wazo imeshinda, Erasto akanipa mkono. Baba yako alisimama. Aliponyanyuka aliishika kaunta kwa mikono miwili, nikaona, nikajiambia ni ile stuli mbovu. Ufunguo wa pikipiki ulikuwa kwenye msumari nyuma yangu, mahali alipokuwa akiuacha siku zote. Alinyoosha mkono. Nikampa.

Niliutoa ukutani, Stela, nikauweka kwenye kiganja chake. Nikasema, "Mwendo taratibu." Huo ndio ulinzi wangu wote niliomwekea.

Mengine unayajua. Ile kona ya mteremko, kabla ya kufika kwa shangazi. Hakugongwa na mtu wala hakumgonga mtu.

Askari alikuja kuniuliza jioni ile ile, wakati wanawake wameshaanza kutandika mikeka. Aliuliza kwa upole, "Mama, marehemu alikuwa amekunywa?" Nikasema, "Mume wangu hanywi." Watu wote waliokuwa karibu wakaitikia, "Kweli afande, huyu mtu alikuwa hanywi, hata jina lake Fundi Soda." Hao wengine hawakuwepo saa kumi na nusu. Waliokuwepo walikuwa wamelewa, au walinionea huruma. Zuhura alikuwepo. Alikuwa amebeba ndoo ya maji, akaiweka chini, akaniangalia, akaibeba tena.

Neno lile lilitoka mdomoni kama kitu kidogo. Lakini lilipokwisha kutoka lilifunga mlango nyuma yangu. Nilipotaka kulirudisha kulikuwa na safari ya kumpeleka kwao Masasi, kisha mazishi, kisha arobaini, kisha mdogo wake alisema kwenye kikao cha familia kwamba kaka yake ameacha jina safi. Ningeanzia wapi?

Na wewe ukaja. Usiku wa tatu, tukiwa bado Masasi, ulijipenyeza kwenye mkeka wangu. Ukaniambia sikioni, "Mama, nisingempigia simu baba, angekuwepo."

Hapo ndipo nilipotakiwa kukuambia. Hapakuwa na askari wala kikao, palikuwa na mimi na wewe na shuka moja. Nikakukumbatia, nikasema, "Ni mapenzi ya Mungu." Nikamtupia Mungu, na sehemu iliyobaki nikakuachia wewe uibebe, mtoto wa miaka kumi na miwili.

Nimekuona ukiibeba. Tangu siku ile hujawahi kumpigia mtu simu aje akuchukue. Si mimi wala mjomba wala dereva wa bodaboda unayemfahamu. Mwaka ule wa mvua kubwa ulitoka Tegeta kwa miguu, ukafika umelowa mpaka daftari, nikakuuliza kwa nini hukupiga, ukasema chaji imekwisha. Niliiona simu yako baadaye, ilikuwa na chaji. Ulipougua malaria chuoni ulijipeleka hospitali. Na jana uliniambia, "Usinisindikize stendi, mama, nitajipeleka." Kila ukisema nitajipeleka nasikia ile chupa ya mwisho ikigonga kaunta.

Friji ililetwa wiki tuliyorudi kutoka Masasi. Vijana wanne waliibeba, Erasto akiwa mbele, ameinamisha kichwa, amenipa pole. Ningeweza kuikataa. Niliwaonyesha mahali pa kuiweka. Ndiyo hii. Kuna mkataba wake, haikai humu chupa ya mtu mwingine ila yao, na kila wanapotaka kufanya promosheni mlango uko wazi, nikikataa wanakuja kuibeba. Baridi yake ndiyo iliyokusomesha. Nimesimama kati yake na kaunta miaka kumi, hatua mbili mbele, hatua mbili nyuma. Watu wananisifu, wanasema Mama Stela amekaza, hakumwacha mtoto akapotea. Sikukaza. Nilibanwa.

Hata kazi yako, ukitazama vizuri, imetoka humu. Uliyajua majina ya vinywaji vyao kabla hujajua ya mito. Walipokuhoji uliwaambia umekulia baa, wakakupenda. Uliponipigia kunieleza nilicheka kwa furaha, nikakata simu, nikaenda kukaa uani kwenye mabaki ya mbao za baba yako.

Sikukatazi kwenda. Ningekukataza kwa mdomo upi? Na mtu anayeyasoma yale masharti kama ulivyoyasoma wewe huenda ni bora awe yeye kuliko mwingine. Lakini utakwenda kwenye baa za watu na bango mkononi, na utamkuta mwanamke nyuma ya kaunta anayeumwa na friji, au seti ya viti, au mwavuli wa nje. Atakupenda. Atakuuliza ubandike wapi.

Nikuambie tu nilichokiona kwa kusimama hapa. Anayeanza kubandua nembo ya chupa kwa kucha ameshatosha zamani, anatafuta pa kuweka mikono. Anayecheka baada ya wenzake kumaliza kucheka, hasikii tena. Mtu akikataa mzunguko, mwokoe wewe kwa utani kabla hajaokolewa na aibu yake, maana aibu ndiyo inayonywesha watu huku kwetu kuliko kiu. Usimwache msichana wako wa promosheni akae meza moja na wanaume muda mrefu, hata wakiwa wastaarabu. Na funguo. Angalia funguo zinakaa wapi. Zuhura tangu mwaka ule anapokea funguo za kila anayekuja na chombo, anazitia kwenye kopo chini ya kaunta, na kila meza anaiwekea jagi la maji bila kuombwa. Wateja wageni wanamwuliza, "Dada, hapa baa au hospitali?" Anawajibu, "Vyote, kaka, chagua kitanda." Hajawahi kuniambia kwa nini anafanya hivyo. Mimi sijawahi kumwuliza. Ndivyo tulivyoishi.

Mimi mengine nilishindwa. Walikuja tena na mashindano, si ya friji, ya fulana, ya kofia, ya kukusanya vizibo. Nilikuwa nawaambia wayapunguze makali, wakati mwingine walinisikia, wakati mwingine spika ilikuwa juu zaidi yangu. Sikuwahi kufunga mlango. Sitaki usome barua hii ukafikiri mama yako alijifunza siku moja akawa mtu mwingine. Nilijifunza nikabaki hapa hapa.

Leo, wewe ulipokwenda kumuaga shangazi yako, nilichukua kisu cha jikoni na maji ya moto. Ule ukuta wa karibu na leseni, mabango yao yamebandikwa moja juu ya jingine tangu wakati ule, yamekuwa mazito kama gome. Nilibandua moja moja. Zuhura alinikuta katikati, akaniangalia, akaenda kuchukua kisu cha pili. Tulipolifikia lile la friji na jua lilitoka kwa vipande. Chini yake karatasi ilikuwepo bado. Imechanika juu, yale maneno ya zawadi hayasomeki. Ila chini imebaki nzima: mstari wa aliyelewa asiachwe aendeshe, na jina langu, na saini yangu.

Zuhura akasema, "Mwambie kabla hajaondoka. Yule mtoto anafikiri ni yeye."

Kumbe naye alijua. Nilidhani uliyasema sikioni mwangu peke yangu. Akaniambia ulimwambia ukiwa kidato cha pili, mkiosha glasi. Naye akakuambia si wewe, ukakataa kuamini, kwa sababu mama yako alikuwa hajasema.

Basi nasema. Stela, simu yako haikumuua baba yako. Ulipiga kama mtoto anavyompigia baba yake, naye alifurahi kuitwa, nilimwona uso. Angekuja kukuchukua akiwa na tangawizi mbili tumboni, mngerudi mkiimba. Chupa nilifungua mimi. Ufunguo nilimpa mimi. Haraka ile niliyoitia ndani ya kunywa kwake ni yangu. Sehemu ile niliyokuachia uibebe, uitue. Naomba uitue hata kama kuitua kwako kutafanya usiniangalie tena kama ulivyoniangalia jana.

Nilitaka barua hii niiweke chini kabisa ya begi, uikute umeshafika Mwanza, mbali na uso wangu. Nikaona huo ni ujanja ule ule wa kubandika kitu juu ya kitu. Nitaiweka juu ya viatu vyako, pamoja na ile karatasi. Huwezi kuvivaa bila kuikuta. Shughulika nayo kwa muda wako. Askari wa wakati ule sijui alipo, lakini mdogo wake baba yako nitampigia kesho mchana, nimwambie mwenyewe, kabla hajalisikia kwa mtu. Na Erasto wa sasa, yeyote watakayemtuma, Jumamosi akija na bango nitamwonyesha ukuta ulivyo mtupu. Wakiibeba friji, waibebe. Kama nitaweza, Stela. Nimeandika kwamba nitaweza ili unishike kwa maneno yangu.

Alfajiri nitakuwa nimekaa hapa kwenye ile stuli mbovu, chai ikiwa tayari. Kama utapita ukaenda zako moja kwa moja, mlango nitakuwa nimeuacha wazi, sitakuita.

Lakini ukifika huko, siku mvua ikikukuta, au umechoka, au kichwa kinakuuma na hutaki kujipeleka, piga simu. Mpigie yeyote unayemwamini. Ukinipigia mimi, nitakuja. Uliitwa Bibi Afya na mtu aliyependa kuitwa na wewe, hukukosea kumwita.

Mama yako